Springi za Tein S.Tech kwenye Toyota Vitz: tathmini baada ya kuzifunga nyumbani

Springi za Tein S.Tech ni springi nne, fupi na ngumu kuliko za kiwandani, zilizoundwa zifanye kazi na shokapu zilezile zilizokuja na gari, na kwa maoni yangu ndiyo njia ya heshima ya kushusha gari dogo bila kulikabidhi kwa msumeno wa fundi. Gari lenyewe ni Toyota Vitz ya kizazi cha pili, ile iliyouzwa Japani kuanzia mwaka 2005 hadi 2010, yenye injini ya lita moja na silinda tatu ambayo wakazi wa Dar es Salaam wanaijua kwa mtetemo wake inaposimama kwenye foleni. Ni gari jepesi, la takriban tani moja, lenye mfumo wa MacPherson mbele, yaani springi na shokapu zimeunganishwa pamoja, na ekseli ya kipande kimoja inayojipinda nyuma. Mpangilio huo ni wa kawaida mno kwa magari madogo, kwa hiyo mengi nitakayoyasema hapa yatamfaa pia mwenye gari la aina nyingine.

Hapa kwetu mtu anayetaka kushusha gari huonekana wa ajabu, kwa sababu wengi wanataka kulinyanyua. Ukiingia kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Kariakoo, ukaulizia springi za Vitz, muuzaji atakutolea za kawaida zilizotumika Japani, au atakushauri uongeze vipande vya mpira au vya alumini ili gari lipande juu. Springi za kushusha mara nyingi huagizwa kutoka nje, na mnunuzi lazima ahesabu usafiri na ushuru wa forodha kabla hajafurahia bei anayoiona kwenye tovuti ya muuzaji. Tein ni kampuni ya Yokohama iliyoanzishwa mwaka 1985, na kazi yake hasa ni springi na shokapu. Ina toleo jingine liitwalo H.Tech, ambalo hushusha gari kwa kiasi kidogo zaidi na kujali zaidi ulaini wa safari. S.Tech ni kwa yule anayetaka tofauti ionekane kwa macho.

Njia ya mkato inayotumika katika gereji nyingi ni kukata mzunguko mmoja wa springi ya kiwandani, au kuipasha moto kwa gesi hadi ilegee na kukaa chini. Njia zote mbili ni mbaya, na sababu zake zinastahili kuelezwa. Ugumu wa springi hutokana na unene wa waya, upana wa duara na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Unene una nguvu kubwa kuliko vyote: ukiongeza unene wa waya kwa asilimia 10 tu huku mengine yakibaki vilevile, ugumu hupanda kwa karibu asilimia 46. Idadi ya mizunguko nayo hufanya kazi kinyume, yaani mizunguko ikipungua springi huwa ngumu zaidi. Springi yenye mizunguko 6 ikikatwa mmoja hupata ugumu wa asilimia 20 zaidi, jambo ambalo mkataji hulisifia kana kwamba ameboresha gari. Asichokisema ni kwamba ncha iliyokatwa haina tena umbo la kukaa vizuri kwenye kitako chake, na kwamba urefu uliopotea unaweza kuifanya springi ilegee kabisa pale tairi linaponing'inia, halafu irudi mahali pasipo pake gari linapotua. Kuhusu moto, chuma cha springi kimepata unyumbufu wake kutokana na joto lililopimwa kiwandani. Mwali wa gesi huuvuruga unyumbufu huo mahali pamoja, na kuanzia hapo springi huendelea kushuka yenyewe upande mmoja kabla ya mwingine.

Springi za Tein zimefupishwa kwa hesabu. Waya, duara na mizunguko vimechaguliwa pamoja ili gari likae chini na bado springi ibaki imebanwa kidogo shokapu inaponyooka hadi mwisho. Hilo lilikuwa jambo la kwanza nililolikagua baada ya kufunga: nilinyanyua gari hadi matairi yakaning'inia, nikajaribu kuzungusha kila springi kwa mkono. Hazikucheza. Rangi yake ya kijani imepakwa vizuri na kwa unene unaolingana, kila springi ina maandishi yanayoonyesha kama ni ya mbele au ya nyuma, na ndani ya boksi mna karatasi ya maelekezo yenye michoro inayoeleweka hata kwa asiyesoma maneno yake. Maandishi yakisomeka wima, bila kupinduka, basi springi imekaa upande sahihi.

Kabla ya kuagiza chochote, kagua shokapu zako. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopoteza fedha. Vitz nyingi zilizoko nchini zilishatembea sana Japani, kisha zikatembea tena hapa kwenye mashimo, na shokapu zake zimechoka ingawa hazijavuja. Springi ngumu hurudi juu kwa nguvu zaidi, na kazi ya kuituliza ni ya shokapu. Ikiwa imechoka, gari litadundadunda baada ya kila tuta na lawama itaangukia springi. Kwangu shokapu za nyuma zilikuwa zinatoa jasho la mafuta, kwa hiyo nilinunua mpya za KYB na kuzifunga siku hiyohiyo, uamuzi ninaomshauri kila mtu aufanye kwa sababu kazi ya kufungua ni ileile. Kagua pia bampastopa, yaani mpira mgumu unaokaa kwenye fimbo ya shokapu ili kuzuia chuma kisigonge chuma. Ukikuta umevunjika vipandevipande, kama ilivyo kwenye magari mengi ya umri huu, usifunge springi mpya kabla ya kuubadilisha, kwa sababu gari lililoshushwa linautegemea mpira huo mara nyingi zaidi.

Vifaa vinavyohitajika si vingi, lakini si vya kubahatisha. Unahitaji jeki ya magurudumu, stendi mbili imara, soketi na spana za ukubwa wa kawaida wa Toyota, alenki za kushikia misumari ya stabilaiza linki (vifimbo vinavyounganisha shokapu za mbele na chuma cha kuzuia gari kulala), dawa ya kulegeza kutu, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), na kibanio cha springi kwa ajili ya mbele. Jeki ya mkasi inayokuja na gari ni ya kubadilishia tairi barabarani na haifai kwa kazi hii. Matofali nayo hayafai kabisa, hata yawe ya saruji nzito, kwa sababu hupasuka ghafla bila kutoa ishara. Ua wa nyumba nyingi za pwani ni mchanga, na stendi huzama mchangani polepole huku wewe ukiwa chini ya gari. Tandika ubao mpana na mnene chini ya kila stendi, au subiri upate sakafu ya zege.

Nyuma ni rahisi kiasi kwamba mtu mwenye subira anaweza kuanza hapo ili ajijengee imani. Katika Vitz hii springi ya nyuma imesimama peke yake, mbali na shokapu, hivyo hakuna haja ya kibanio. Gari likishakaa kwenye stendi na matairi ya mbele yamezuiwa, weka jeki chini ya ekseli, inyanyue kidogo ili kuondoa uzito kwenye shokapu, kisha fungua bolti za chini za shokapu zote mbili. Shusha jeki taratibu huku ukiangalia mipira ya breki na waya za breki ya mkono. Vitu hivyo havikuumbwa kubeba ekseli, na vikivutwa hadi kukaza, simama na uvifungue kwenye vishikio vyake. Springi itatoka kwa mkono. Chukua mipira yake ya juu na ya chini, isafishe, iangalie kama imepasuka, uihamishie kwenye springi mpya, na uhakikishe ncha ya springi imeingia kwenye kituo chake.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wengi hulipuuza wanaporudisha bolti. Bushi za ekseli na za shokapu, yaani viungio vyake vya mpira, zimegundishwa mpira kwa chuma, na mpira huo hujisokota kila gari linapopanda na kushuka. Ukikaza bolti kabisa wakati tairi linaning'inia, umeufungia mpira katika hali ya kujipinda, na gari likitua utakuwa umejipinda muda wote hata likiwa limeegeshwa. Bushi ya namna hiyo huchanika mapema, na hata kimo cha gari huwa si cha kweli. Kaza bolti kwa kuzishikiza tu, shusha gari likae kwa uzito wake, au nyanyua ekseli kwa jeki hadi ifike kimo cha kawaida, ndipo umalizie kwa toki renchi.

Mbele ni kazi nyingine. Kwa kuanzia, nati tatu za juu za shokapu zimefichwa chini ya plastiki iliyo mbele ya kioo, kwa hiyo lazima uondoe mikono ya waipa na plastiki hiyo ndipo uzifikie. Mikono ya waipa iliyokaa miaka mingi hung'ang'ania kwenye vijino vyake. Itikise kwa upole badala ya kuigonga. Baada ya hapo fungua stabilaiza linki, bolti inayoshika mpira wa breki na waya wa ABS kwenye shokapu, kisha bolti mbili kubwa zinazounganisha shokapu na nako, kile chuma kinachoshika gurudumu. Kabla ya kuzitoa, chora alama kwa rangi kuonyesha jinsi zilivyokaa. Shokapu ikitoka pamoja na springi yake, ndipo hatari inapoanza.

Nati ya katikati, ile iliyo juu kabisa kwenye fimbo ya shokapu, haifunguliwi kabla springi haijabanwa hadi ikaachia kitako chake. Tuchukue mfano wa springi yenye ugumu wa nyutoni 20 kwa kila milimita, iliyobanwa milimita 150: nishati iliyohifadhiwa ndani yake ni juli 225, sawa na kitu cha kilo 10 kuanguka kutoka urefu wa zaidi ya mita mbili. Nishati hiyo ikiachiwa mkononi au usoni, hakuna la kujadili. Kibanio chenye kulabu mbili kinatosha endapo kulabu zimewekwa pande mbili zinazotazamana kabisa, zimeshika mizunguko mingi iwezekanavyo, na skrubu zake zimepakwa grisi na kukazwa kwa zamu, mizunguko michache upande huu kisha upande ule. Usitumie mashine ya upepo kwenye skrubu hizo, na usiielekeze shokapu kwa mtu yeyote, ukiwemo wewe mwenyewe. Nitasema wazi: kama kibanio ulicho nacho ni cha kuazima na nyuzi zake zimelika, peleka shokapu hizo mbili kwenye gereji yenye mashine ya kubania, ulipe gharama ya kuhamisha springi peke yake, urudi nyumbani umalizie. Hakuna aibu katika hilo na fedha inayookolewa kwa kufanya kinyume ni ndogo.

Springi mpya ilihitaji kubanwa kidogo tu kwa sababu ni fupi, na hapo kazi ilirahisika. Ncha ya chini lazima iguse ngazi iliyoko kwenye kitako cha shokapu, mauntingi ya juu, yaani kishikio kinachofungwa kwenye bodi, ielekee upande uleule iliyokuwa, na beringi yake izunguke bila kukwaruza. Bampastopa hukatwa pale tu karatasi ya maelekezo ya gari husika inaposema hivyo, na kwa urefu uliotajwa. Nati za matairi ya Toyota hizi hukazwa kwa nyutoni mita 103, kwa mtindo wa kuvukanisha, yaani nati moja kisha ile inayotazamana nayo, na hukazwa tena baada ya kutembea kidogo.

Kimo nilikipima kutoka katikati ya hab, yaani kitovu cha gurudumu, hadi ukingo wa bodi, kwa kuwa kipimo hicho hakidanganywi na upepo wa tairi. Kwangu mbele gari lilishuka milimita 30 na nyuma 25, baada ya springi kuzoea uzito. Kwa macho, lile pengo kubwa lililokuwa juu ya tairi la 185/60R15 limejaa vizuri na gari limeacha kuonekana kama limesimama kwa ncha za vidole. Pande za kulia na kushoto zilipishana kwa kiasi kisichofaa hata kutajwa.

Barabarani, badiliko linalohisiwa kwanza ni kwamba gari halilali tena upande mmoja unapoingia mzunguko kwa kasi ya wastani, na pua haizami sana unapofunga breki. Wauzaji hupenda kusema kwamba hayo yote yanatokana na uzito kushuka karibu na ardhi. Maelezo hayo ni nusu ya ukweli. Sentimita tatu ni kidogo ukilinganisha na kimo cha kitovu cha uzito wa gari, na katika mfumo wa MacPherson nukta ambayo bodi hulalia hushuka haraka kuliko uzito wenyewe, jambo ambalo kwa peke yake lingeongeza kulala. Kinacholizuia gari kulala ni ugumu wa springi. Ndiyo maana gari lililoshushwa kwa springi laini au zilizochoka huwa na sura ya mbio na tabia ya mkokoteni.

Kwenye lami nzuri, kama sehemu zilizotengenezwa upya za Barabara ya Morogoro, safari imekuwa ya utulivu na usukani unajibu mapema zaidi. Kwenye viraka na viungio vya madaraja mtu anahisi kila kitu, lakini mshtuko huja mara moja na kuisha. Hapo shokapu mpya za nyuma zinafanya kazi yake. Mke wangu, ambaye hakuwa na hamu na mradi huu, alisema gari limekuwa gumu kidogo lakini halimchoshi, na tathmini yake naiamini kuliko yangu kwa kuwa hana sababu ya kulitetea.

Udhaifu wa springi hizi ni udhaifu wa kushusha gari kwa ujumla, na mnunuzi asijidanganye kwamba boksi la bei kubwa linaufuta. Tuseme shokapu ya mbele ilikuwa na milimita 60 za kupanda kabla haijagusa bampastopa; ukishusha gari milimita 30, nusu ya nafasi hiyo imeshatumika gari likiwa limesimama. Springi ngumu hufidia sehemu tu. Nikiwa peke yangu au na abiria mmoja, matuta ya kawaida yanapitika bila shida. Tukipanda watu wazima watano na mizigo ya sokoni nyuma, bampastopa huguswa kwenye matuta mengi, na yale matuta marefu yaliyojengwa na wananchi wenyewe mitaani, yasiyo na kipimo wala rangi, lazima yavukwe kwa mshazari. Wakati wa masika, maji yanapokaa barabarani, sentimita tatu ulizozitoa ndizo ulizozihitaji. Anayekaa mtaa usio na lami, au anayelitumia gari hili kubeba abiria kwa malipo, asizinunue. Kwake ushauri wa yule muuzaji wa Gerezani una mantiki zaidi.

Gharama ya mwisho ambayo haipaswi kurukwa ni alaimenti, yaani kupima na kunyoosha matairi. Gari la MacPherson likishuka, matairi ya mbele huegemea ndani kidogo kwa juu, na mwelekeo wake wa kutazamana hubadilika pia. Egemeo dogo halina madhara makubwa; kinachokula tairi haraka ni mwelekeo. Kwenye Vitz mwelekeo wa mbele hurekebishwa kwa tairodi, zile fimbo zinazotoka kwenye usukani kwenda kwenye matairi, na kituo chochote chenye mashine nzuri kinaweza kuufanya, mradi umwambie fundi kwamba gari limeshushwa na umwombe karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Nyuma hakuna cha kurekebisha, kwa kuwa ekseli ni kipande kimoja. Subiri gari litembee siku chache kwanza, springi zikae. Taa za mbele nazo zipimwe upya, kwani pua imeshuka kuliko mkia na mwanga unaangukia karibu zaidi.

Mwenye bima kubwa aiarifu kampuni yake kwa maandishi kabla ya ajali kuuliza swali hilo kwa niaba yake. Springi za zamani zifute mafuta, ziandike ya mbele na ya nyuma, uzihifadhi: Vitz iliyoshushwa ina wanunuzi wachache sana hapa nchini, na anayekuja kuinunua mara nyingi atataka kuiona ikiwa kwenye kimo chake cha kiwandani.